Vyombo vya Kuazima

Mama Koku alipofariki, maturubai yalikuwa yangu, viti vilikuwa vyangu, na gari lililompeleka kwao Bukoba lilikuwa langu pia. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na mtu mwenye nacho hana haja ya kuzungukazunguka. Hapa Buhongwa ukiona ghorofa inanyanyuka, waulize mafundi kokoto zimetoka wapi, watakuelekeza kwangu bila kufikiri. Shule yangu iliishia darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza. Hata hivyo nina mashine za kusaga mawe, nina tipa, nina vijana wanaokula kwa jasho la mpango wangu, na haya ninayaandika mwenyewe kwa mkono wangu. Binti yangu ananisahihishia nukta tu. Basi siku ile ya msiba, kabla mwili haujaondoka, mwenyekiti wa mtaa alisimama kutoa shukrani. Akataja wachangiaji, akafika kwangu, akapandisha sauti: "Ndugu yetu Shija, mtu aliyejitengeneza mwenyewe, bila msaada wa mtu wala wa serikali!" Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi pia nikatikisa kichwa, maana maneno hayo nimeyasema mwenyewe kwenye harambee nyingi na nimeyazoea kama jina langu. Ndipo ikatoka sauti upande wa wanawake, kule kwenye mikeka: "Mwenyekiti, muulize kwanza chupa ya chai ilikuwa ya nani!"

Alikuwa Kabula, mdogo wangu. Siku hizi ni mama mnene, anauza mchele Magu kando ya barabara, na akicheka mbuzi waliolala wanasimama. Wazee wachache waliobaki wa kule mlimani tulikokulia wakaangua kicheko msibani, mmoja akafunika uso kwa kofia yake. Vijana wakatazamana. Binti yangu akaniinamia: "Baba, chupa gani?" Nikamwambia anyamaze, hapa ni msibani. Lakini tangu siku ile swali lake limenikaa. Nimeona nilijibu kwa maandishi, kwa sababu nikilijibu kwa mdomo Kabula ataniingilia kila sentensi.

Habari za baba na mama naziruka. Kila ukoo una za kwake, na za kwetu ni fupi: hawakuwepo. Alikuwepo bibi, Nyanzala, mama wa mama yetu. Tuliishi naye katika chumba kimoja juu ya kilima, katikati ya yale majabali ambayo wageni wakija Mwanza wanayapiga picha. Sisi hatukuyapiga picha, tuliyaegemea. Kuta tatu za chumba chetu zilikuwa za udongo, na ukuta wa nne, wa nyuma, ulikuwa jiwe lenyewe. Mchana kutwa jua lililipika jiwe lile, na jioni lilikuwa na joto kama mgongo wa ng'ombe. Tulikaa tumeliegemea tukila. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka juu ya jiwe mpaka ndani, na bibi alitega sufuria chini yake, akisema sisi ndio watu pekee wa kilima kile wenye bomba ndani ya nyumba. Tulikula ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, kwa nsansa, majani makavu ya kunde ambayo yakichemshwa yanatoa harufu ya shamba la mbali. Samaki tulimwona chini, ziwani na sokoni. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ilikuwa karamu. Kazi ya bibi ilikuwa kupasua kokoto. Wanawake wa kilima walikaa safu nzima juu ya mwamba, kila mmoja na nyundo yake na duara la mpira lililokatwa kwenye tairi. Jiwe unaliweka katikati ya duara, unalipiga, vipande havirukii macho. Mimi nikitoka shule nilikaa pembeni ya bibi na nyundo ndogo. Bibi alipenda kusema, nyundo ikishuka, "Huyu apone," na nyundo ikishuka tena, "huyu asome." Huyu wa kwanza alikuwa Kabula, huyu wa pili mimi. Mwaka mzima ule sikumsikia akiomba kitu cha tatu.

Kabula alikuwa na miaka minne. Nywele zake zilikuwa zimeanza kubadilika rangi, zikawa kama kutu, nyepesi, na miguu yake ikajaa. Majirani walimsifu. "Anachukua mwili huyo!" walisema wakipita. Ni Mama Koku aliyekataa. Mama Koku alikuwa jirani yetu wa upande wa chini, Mhaya wa kweli, mwenye maneno yaliyopigwa pasi. Siku moja alimchukua Kabula mapajani, akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua kitambaa. Akasema, "Bibi Nyanzala, usije ukakasirika. Mtoto huyu hajanenepa. Mtoto huyu amevimba." Bibi hakukasirika. Aliweka nyundo chini, na kwa bibi kuweka nyundo chini mchana lilikuwa jambo kubwa.

Walikwenda zahanati. Nesi aliwaeleza vizuri, tena kwa upole: ni ugonjwa wa njaa ya aina fulani, tumbo linajaa ugali lakini mwili haupati kitu. Kuna wodi ya lishe hospitalini, kuna maziwa ya serikali kwa watoto wa chini ya miaka mitano ambao kwao hakuna uwezo. "Lakini lazima kwanza mtu wa ustawi wa jamii aje aone mnavyoishi." Bibi alirudi na sentensi hiyo moja tu kichwani: aje aone mnavyoishi. Aliitua pale mwambani katikati ya wenzake, na wenzake wakaipasua kama walivyopasua kila kitu.

"Aone ili iweje?"

"Aone kama unawaweza watoto. Akikuta huwawezi, anawachukua."

"Nani kakwambia?"

"Yule mama wa Igogo, mjukuu wake si walimchukua wakampeleka kituo cha kulea watoto?"

"Walimchukua, au alimpeleka mwenyewe?"

"Kuchukuliwa na kupelekwa kuna tofauti gani, wewe? Mtoto si hayupo?"

Hapo mjadala ukafungwa. Nikiwa mtu mzima nimekaa na watu wa benki na watu wa halmashauri, nimeona jinsi maamuzi makubwa yanavyofanywa, na nakuhakikishia hayana ushahidi zaidi ya ule. Bibi alikata shauri palepale. Huyo bwana akija atakuta nyumba inayoweza watoto. Tena kwa mila zetu mgeni aliyetumwa kwako hata kama angekuja kukuhesabia mbavu anapokewa, na anapokewa kwa kuku. Hofu na heshima zilikubaliana, na zikikubaliana hizo mbili hakuna wa kuzizuia.

Kilima kizima kilifanya kazi. Mama Koku alileta chupa yake ya chai, nyekundu, yenye maua ubavuni, na bilauri sita, na mchele. "Bilauri mzioshe kwa maji ya moto," alisema, "na chai msimimine mpaka juu, msije mkanitia aibu kwa serikali." Mzee Hamisi, fundi cherehani aliyekuwa na kibanda njiani, alitoa viti viwili na kitambaa cha meza alichokidarizi mwenyewe, na soksi nyeupe za mjukuu wake. Soksi hizo zilikuwa za kuficha miguu ya Kabula. Kichwani alifungwa kilemba, kuficha nywele. Malale, kijana aliyetengeneza redio, alileta redio kubwa ya mbao.

"Inaimba?" bibi akauliza.

"Haiimbi, lakini inaonekana."

"Na mgeni akitaka taarifa ya habari?"

"Mwambie mna msiba, hamfungulii redio."

Mke wa Malale, waliyeoana karibuni, alitoa godoro lao huku akitazama chini. Meza sikumbuki ilitoka wapi. Kuku ndiye pekee aliyekuwa wetu. Alikuwa tetea mwekundu, mtagaji, na mayai yake bibi aliyauza kwa mama mmoja wa chapati; ndiyo yaliyoninunulia kalamu na sabuni ya kufulia kaptula ya shule. Asubuhi ya siku ya ugeni bibi alimshika mwenyewe. Nilimuuliza kama hatuwezi kupika maharage. Akasema, "Maharage yatamwonyesha nini?" Sikuelewa, lakini alishageukia kisu.

Mtu wa ustawi alifika akihema. Alikuwa mwembamba, shati limeloa mgongoni, viatu vimejaa vumbi la kilima chetu, na mwendo wa mtu aliyepanda vilima vingine kabla ya hicho. Watu walimwita Bwana Ustawi, nami jina lake lingine sikulijua.

"Hodi hapa. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu, karibu ndani, ukae kwenye kiti."

"Sikai sana, bibi. Nimekuja kuona tu."

"Huwezi kuona na njaa, baba. Kaa."

Akakaa. Nilisimama pale mlangoni na niliona kila kitu. Niliona macho yake yakitua kwenye chupa ya chai, yakaenda kwenye redio, yakashuka kwenye godoro ambapo Kabula alikuwa amekalishwa na soksi zake, mashavu yamejaa, kimya kama picha. Niliona anakunywa chai, anakula wali. Bibi alimwekea firigisi, kipande cha mwanamume na cha mgeni, na yeye akajua maana yake, akashukuru kwa mikono miwili. Aliuliza tunakula mara ngapi. Bibi akasema tunakula mpaka tunasaza. Aliuliza kama mimi nasoma. Bibi akasema nasoma sana. Alipomaliza alisimama, akafuta midomo, akasema kwa sauti ya mtu aliyeguswa kweli: "Nimepanda vilima vingi, bibi. Sijapokewa hivi." Baada ya yeye kwenda, mimi na Kabula tulikula shingo na miguu na mchuzi. Nitasema ukweli: ulikuwa mlo mzuri kuliko mingi niliyokula baadaye kwenye mahoteli ya mjini yenye vitambaa mezani. Mchana huohuo vitu vikarudi kwa wenyewe, na mwambani wanawake wakapiga vigelegele, maana watoto hawakuchukuliwa.

Jibu lililetwa na nesi wa zahanati, aliyekuja kumwangalia Kabula alipoona hatuji. Alikuta Kabula amelala mkekani, ngozi ya miguu imeanza kubanduka kama rangi ya ukuta mbovu. Alikuwa ameacha kulia. Watu hudhani mtoto akiacha kulia amepata nafuu. "Bibi, mmekosa nafasi," nesi akasema. "Bwana Ustawi amesema mnajiweza."

"Tunajiweza?" Bibi alirudia neno lile kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akamvua Kabula kilemba, akamfunga mgongoni, akashuka mjini peke yake.

Yaliyosemwa ofisini siku ile aliyasimulia mwenyewe jioni, mgongo kwenye jiwe. Bwana Ustawi hakumfukuza. Alimkalisha, akamwambia: "Bibi, mimi nimekula kwako wali na kuku. Umenikalisha kwenye kiti ambacho mimi nyumbani kwangu sina. Kuna watu nyumba zao hazina mlango, wanangoja maziwa hayohayo. Leo nikisema huyu bibi ni maskini, nitakuwa nimewaibia wao." Bibi akamwambia vile vitu vilikuwa vya watu. Bwana Ustawi akajibu kwamba kila anayekataliwa humwambia vitu vilikuwa vya watu. Na kwa kweli, ukimfikiria mtu yule kwa haki, alikuwa sahihi. Nimewahi kukaa kwenye mikutano ya mtaa siku hizi, tunapotakiwa kutaja kaya zisizojiweza mbele ya watu wote. Nimeona mwenye ng'ombe anakuja na shati lililochanika, na asiye na kitu anakuja amepaka mafuta mpaka magotini. Umaskini hauna adabu ya kukaa mahali unapotafutwa.

Wanawake wa mwambani walikuwepo wakimsikiliza. Mzee Hamisi, aliyekuwa amepanda kuja kumpa bibi pole, akasema, "Basi, Nyanzala, tumshukuru Mungu kwa alichotuandikia."

"Mungu hajaandika kitu," Mama Koku akasema. "Aliyeandika ni yule bwana, na aliandika chupa yangu. Tulimdanganya kwa vyombo, kesho tutamweleza kwa vyombo."

Sijaona msafara mwingine kama ule, na mimi nimeongoza misafara ya magari. Asubuhi tulishuka kilima, Mama Koku mbele na chupa ya chai kifuani kama anabeba mtoto, bilauri zimefungwa kwenye kanga. Mzee Hamisi alibeba kiti kimoja kichwani, mimi kingine. Malale alikuwa na redio begani, na mkewe godoro. Bibi alikuwa nyuma na Kabula mgongoni, miguu ya Kabula ikining'inia wazi. Watu wa sokoni wakatuuliza: "Mnahama?" "Mmefukuzwa?" "Harusi ya nani?" Mzee Hamisi akawajibu bila kugeuza shingo, "Tunapeleka viti mahakamani vikatoe ushahidi." Ofisini tulivipanga barazani vilevile vilivyokuwa kwetu: meza haikuwepo, lakini viti viwili, kitambaa, chupa, bilauri, redio, na godoro limeegemezwa ukutani. Watu waliokuwa foleni wakatupisha. Bwana Ustawi alitoka, akasimama. Akavitambua. Niliona anavitambua kimoja kimoja, kama mtu anayekutana na jamaa zake safarini.

"Chupa hii ni yangu," Mama Koku akasema. "Bilauri zangu, mchele uliokula ulikuwa wangu. Mwite mtu yeyote wa Kihaya aje azitambue."

"Viti vyangu," Mzee Hamisi akasema. "Soksi za mtoto ni za mjukuu wangu, na alinidai mpaka zikarudi."

"Redio yangu," Malale akasema, "tena mbovu."

Bwana Ustawi akainama, akazungusha kitufe cha redio. Ikakaa kimya. Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, akaacha. Mke wa Malale akasema godoro ni lao, akasema kwa sauti ndogo sana, ikabidi arudie. Bwana Ustawi akazunguka vile vitu, mikono nyuma. Mwishoni akamgeukia bibi. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kushika, kitu kimoja kilichobaki ambacho alikiona kwa macho yake na hakikuwa na mwenyewe pale barazani.

"Na kuku?" akauliza. "Kuku alikuwa wa nani?"

"Kuku alikuwa wangu," bibi akasema. "Ndiye uliyemla."

Bwana Ustawi alisogea, akamshika Kabula mguu, akabonyeza kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo likabaki. Alilitazama shimo lile, akasubiri lijae, halikujaa. Akarudi ndani kuchukua kofia yake, akampeleka bibi hospitalini mwenyewe, kwa miguu, foleni yake ikimngoja. Hilo lazima niliseme, kwa sababu kwenye harambee huwa sina nafasi ya kulisema. Na huwa nawaambia vijana wajitume, wasingoje serikali, na bado nawaambia. Lakini mtoto wa miaka minne aliyevimba miguu huwezi kumwambia ajitume. Yale maziwa niliyaona. Yalikuja kwenye kikombe cha bati, kidogo kidogo, mchana na usiku, na kila nilipokwenda kumtazama Kabula nilimkuta amepungua. Alikuwa anapona kwa kukonda. Maji yalimtoka mwilini, mifupa ikajitokeza, macho yakawa makubwa, kisha taratibu nyama halisi ikaanza kurudi. Siku alipomtukana mtoto wa kitanda cha jirani, bibi alicheka mpaka nesi akamkanya.

Ila wodi ile ilikuwa na sharti: mtoto hakai bila mlezi. Bibi alilala sakafuni chini ya kitanda cha Kabula, na serikali ilimlisha mtoto, siyo bibi. Mtu lazima apasue kokoto ili bibi ale na chumba kisichukuliwe kwa kukosa kodi. Hakukuwa na mjadala. "Wiki moja tu," bibi aliniambia kwenye lango la hospitali, "halafu unarudi shule." Kuku alishaliwa, kalamu ilikuwa imeisha, na wiki moja ile ilikwenda ikazaa nyingine. Nilikalia mahali pa bibi katika safu, nikachukua nyundo yake. Mama Koku alinipikia jioni. Mwanzoni nilipasua kama mtoto, nikiumia vidole. Kisha nikaanza kuangalia wanaume waliochoma mwamba kwa matairi, moto unawaka juu ya jiwe mpaka linalia, wanalimwagia maji, linapasuka vipande vikubwa. Nikajifunza jiwe lina mistari kama nyama, ukiufuata mstari unapiga mara moja pale mwingine anapopiga kumi. Hili hakuna aliyenifundisha, na hapa ndipo ninapodai haki yangu yote ya kujisifu. Kabla mvua hazijaanza nilikuwa nawapita watu wazima, na dereva wa tipa akifika aliuliza, "Yule dogo lundo lake liko wapi?" Mwalimu aliwatuma wanafunzi wenzangu kuja kuniita. Niliwaambia nakuja.

Kabula alirudi akitembea kwa miguu yake mwenyewe, akipanda kilima na kuomba kubebwa kila hatua, na bibi hakumbeba, alitaka watu waone. Tulikula furu siku ile, samaki wadogo wa ziwani. Bibi alipochukua nyundo yake aliishika, akaipima, akaona mpini nimeubadilisha kwa mkono wangu. Alikaa pembeni yangu na nyundo ndogo.

Haukupita muda, ikaja habari kwamba Bwana Ustawi atapanda kumwangalia mtoto. Safari hii bibi hakuazima hata kijiko. Asubuhi hakufagia. Mkeka aliuacha ulivyo, sufuria ya kutega maji aliiacha chini ya jiwe, ukoko wa ugali wa jana juu yake nzi. Mama Koku alikuja akachungulia, akasema, "Angalau nikuletee bilauri moja ya maji," na bibi akasema, "Kaa na bilauri yako." Bwana Ustawi alipofika alipewa maji kwenye kikombe cha plastiki, akayanywa yote, akaketi juu ya jiwe pale nje tulipokuwa tunafanya kazi. Alimwita Kabula, akambonyeza mguu. Mguu ukarudi palepale. Akatabasamu, nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akitabasamu. "Bibi," akasema, "huyu tumeshinda."

"Huyu tumeshinda," bibi akakubali. "Sasa huyu."

Alinionyesha kwa kidevu. Bwana Ustawi akasema lakini huyu si anasoma, aliambiwa anasoma sana.

"Nilikudanganya kila kitu kingine, hilo tu lilikuwa kweli. Sasa hasomi. Ameacha ili mdogo wake apone. Anapasua mawe, mimi mikono imeisha, akiacha yeye hatuli. Kuku wa kalamu zake ulimla. Yote haya ndiyo tunavyoishi, sijakuficha. Muandike."

"Bibi, mpango ni wa watoto wa chini ya miaka mitano."

"Muandike ana minne."

Bwana Ustawi akacheka. Alikuwa amemzoea bibi. "Huyu, bibi? Huyu sauti inaanza kuwa nzito."

"Muandike."

Akaona bibi hacheki. Akavua kofia, akaishika magotini. Alieleza kwamba hakuna mpango wa mtoto mkubwa anayefanya kazi, ule ulikuwa wa maziwa tu, kwamba angekuwa na mahali pa kumweka angemweka leo, kwamba ameuliza kwa ajili ya wengine kama mimi na hajajibiwa. Alieleza taratibu, mpaka maneno yakamwishia. Bibi alimsubiri amalize, kwa heshima, kama unavyomsubiri mgeni ameze tonge.

"Haya," bibi akasema. "Huwezi kumuandika. Basi mtazame. Usije ukasema kwetu hukumuona."

Bwana Ustawi akasimama, akanigeukia, akanitazama. Tangu wakati huo nimetazamwa na watu wengi: mameneja wa benki, wakaguzi, viongozi wakiwa na wapambe wao. Nimejifunza uso gani wa kumwekea nani. Siku ile sikuwa na uso wowote. Nilifanya nilichokuwa najua. Nililiweka jiwe katikati ya duara, nikatafuta mstari wake, nikapiga, likafunguka mara moja, vipande viwili safi. Yeye alikuwa bado amesimama. Nikachukua jingine.